Nilinunua udongo, nikasahau hewa

Pipa la kwanza nililipindua kwa hasira. Ilikuwa Novemba, mvua zimeishika Kampala wiki ya tatu mfululizo, na nyanya zangu, ambazo zilikuwa zimenifika kiunoni, zilianza kugeuka njano kuanzia majani ya chini. Nikadhani ni njaa, nikaziongezea samadi. Zikazidi. Nikamwita kijana wangu, tukalishika pipa huku na huku, tukalibwaga ubavu kwenye sementi ya uani.

Udongo haukumwagika. Ulitoka mzima, kama ugali uliopinduliwa kwenye sahani, na mistari ya pipa imejichora ubavuni mwake. Juu ulikuwa mweusi wa kupendeza. Chini, kiasi cha shibiri moja, ulikuwa wa kijivu kinachokaribia buluu, unanuka yai viza. Mizizi ilikuwa imeshuka mpaka pale rangi mbili zinapokutana, ikakomea hapo. Nikaushika mmoja kwa ncha za vidole nikauvuta taratibu. Ganda likavuka lote, ukabaki uzi mwembamba mweupe. Mimi ni fundi cherehani, uzi uliooza naujua.

Mama Furaha, jirani yangu, alikuwa akianika nguo. Kiswahili chake ni cha Bukavu na hajawahi kukionea haya. Akasogea, akachoma lile bonge kwa kijiti, kijiti kikakwama. "Dada," akasema, "hii udongo imelala. Haina pumuzi."

Nilicheka. Miezi mingi baadaye, nikiwa nimeharibu pesa nyingine na miche mingine, ndipo nilipokubali kwamba kila nilichokuja kukijua kuhusu mapipa alikuwa ameshanieleza yeye kwa maneno matano.

Naishi Makindye, nyumba ya kupanga, ua wote umemwagwa zege mpaka ukutani. Nimekulia kambi ya polisi, na kambini Kiswahili ndicho kilichotuunganisha sisi watoto wa Acholi, Teso, Lugbara na wengine wote. Mjini humu bado wapo wazee ambao ukiwasalimia kwa Kiswahili wanakutazama kwanza kiunoni, kama kuna bunduki. Basi nina lugha ya askari na ua wa zege, na napenda mboga mbichi. Nilienda Katwe, nikanunua mapipa manne ya plastiki ya lita 200, nikakatiwa katikati, nikapata nusu pipa nane. Kabla ya kulipa nililinusa kila moja na kuuliza lilibeba nini. Yaliyobeba juisi ya kukolezwa nilichukua. Lililonuka kama dawa ya kuulia wadudu niliacha, ingawa bei yake ilikuwa nusu. Pipa la namna hiyo hata ulioshe kwa sabuni ya wiki nzima, mimi sipandi mchicha ndani yake.

Hapo kwenye mapipa nilikuwa na akili. Kwenye udongo sikuwa nayo. Nilipita barabarani kwa wauza maua, nikaona lundo jeusi tii, nikasema huu ndio. Pikapu moja, shilingi 150,000. Muuzaji alinisifia kwamba umechimbwa bondeni, kando ya kinamasi, na mimi nikaona hiyo ni sifa. Udongo wa kinamasi ni laini kama unga kwa sababu chembe zake ndogo kuliko zote zililetwa na maji yakatuama hapo zikazama. Kwenye bonde, ambako magimbi na mafunjo yanakaa na miguu majini, hauna tatizo. Ndani ya pipa unashikana kama udongo wa kufinyangia chungu, kwa kuwa kwa kweli ni ndugu yake.

Weusi ulinidanganya. Wengi wetu tunaamini udongo mweusi una rutuba na mwekundu ni wa kujengea. Lakini ule udongo mwekundu wa juu kwenye mashamba ya zamani ya migomba hapa Buganda umejikusanya katika punje ndogondogo ngumu kama chenga za ugoro, na maji hupita katikati yake vizuri kuliko unavyodhani. Mwekundu wa kukimbia ni ule wa chini, maramu yenyewe, yenye vijiwe vya kutu. Tofauti yao ni kina cha jembe moja au mawili tu.

Sasa niseme kwa nini pipa si shamba dogo. Shambani maji ya mvua yana pa kwenda. Chini kuna udongo, chini yake udongo, na yanavutwa kushuka. Kwenye pipa yanafika kitako yanakoma. Hata ukitoboa matundu kumi, udongo ulio karibu na kitako unabaki umeshiba maji, kwa sababu vitundu vyake vidogo vinayashika kuliko uzito wa maji unavyoyavuta. Mimi nilikuwa nimeweka kokoto chini, kama kila mtu anavyoambiwa. Inchi nne za kokoto, nikijisifu.

Kilichoniondoa kwenye kokoto ni sponji. Nashona pia mito ya makochi, kwa hiyo vipande vya sponji havikosekani kwangu. Jioni moja nilichovya kipande chenye ukubwa wa tofali kwenye beseni hadi kikashiba, nikakiinua kikiwa kimelala bapa kwenye viganja. Kikachuruzika, kikanyamaza. Nikakigeuza kikasimama kwa ubavu: kikaanza kuchuruzika tena. Nikakisimamisha wima, kwa ncha: maji mengine yakatoka. Sponji ni ileile, sikuikamua. Kilichobadilika ni kimo. Sehemu ya chini ya kitu chochote chenye vitundu hubaki imelowa kwa kina kilekile, kiwe kirefu au kifupi. Kikiwa kifupi, sehemu hiyo ndiyo karibu chote. Halafu nikaweka kokoto bakulini, nikaikalisha sponji juu yake nikitegemea kokoto zitayanywa yale maji. Hazikuyanywa. Maji hayatoki kwenye vitundu vidogo kuingia kwenye vikubwa mpaka vile vidogo vifurike. Kwa hiyo kokoto zangu za inchi nne zilikuwa zimefanya jambo moja tu: zimelipandisha lile tope juu, karibu zaidi na mizizi, na kunipunguzia inchi nne za udongo.

Tangu siku hiyo sijaweka kokoto. Naweka kipande cha neti kuukuu juu ya matundu ili udongo usitoke, basi.

Dawa ni kuchanganya na vitu vyenye punje kubwa, ili kuwe na vitundu ambavyo maji hayawezi kuvishika, na yakitoka hewa iingie. Mizizi inapumua. Ikikosa hewa siku mbili tatu inaanza kufa kwenye ncha, na mmea unanyauka huku umesimama kwenye maji, nawe unakimbilia kumwagilia tena.

Wazungu wana mawe yao ya kukaangwa kwa kazi hii, perlaiti na vamikulaiti, pamoja na kokopiti inayotokana na makumbi ya nazi. Kinachonichekesha ni kwamba vamikulaiti inachimbwa hapahapa Uganda, Namekara, mashariki, upande wa Mlima Elgon. Lakini mfuko unaoukuta kwenye duka la pembejeo mjini unauzwa kama umeshuka kwenye ndege. Mchanganyiko wa dukani niliuulizia: 40,000 kwa mfuko wa lita 50. Nusu pipa nane ni lita 800, yaani mifuko 16, yaani shilingi 640,000. Kwa pesa hizo nitakula sukuma wiki ya kununua mpaka wajukuu.

Nikaanza kuangalia taka za watu wengine.

Kwanza nilikosea. Nilienda Ndeeba kwa wapasua mbao, nikajaziwa magunia mawili ya vumbi la mbao bure, nikalichanganya nusu kwa nusu na ule udongo wangu mweusi. Maji yalipita vizuri mno. Sukuma wiki zikaota, zikafika urefu wa kidole, zikasimama hapo wiki tano, njano kama kitenge kilichopauka. Vumbi la mbao limejaa kaboni, na nitrojeni, chakula kinachokoleza majani, karibu hamna: sehemu 400 au zaidi za kaboni kwa sehemu moja ya nitrojeni. Vijidudu vinavyoliozesha vinataka kama 30 kwa moja, kwa hiyo vinachukua nitrojeni yote iliyo karibu, pamoja na ile iliyokuwa ya sukuma wiki. Mbichi halifai. Likioza mwaka mzima, tunaweza kuongea.

Nikakosea tena upande wa pili. Nilinunua samadi ya kuku kwa jirani anayefuga broila, ikiwa moto toka bandani, nikaichanganya siku hiyohiyo na kupandikiza nyanya. Kufikia kesho yake jioni majani yalikuwa yamekunjamana kingo kama yamepitishiwa pasi. Samadi mbichi ya kuku hutoa amonia na ina chumvi nyingi. Ukiinama ukaona macho yanawasha, subiri.

Kosa la tatu si langu peke yangu. Afande mmoja mstaafu, rafiki wa marehemu baba yangu, alinishauri udongo wa kichuguu. "Sikiliza, binti. Mchwa hajawahi kujenga kwa udongo mbaya." Nilimheshimu, nikaleta jerikeni tatu. Ni kweli mchwa huchagua, ila huchagua udongo wa kushikana ili nyumba isibomoke. Ndiyo maana watu wanautumia kukandika sakafu na kufyatulia matofali. Jua la siku nne lilipouchoma, nilitoboa shimo la mbegu kwa bisibisi.

Kilichonifaa nilikikuta kwenye kahawa. Robusta yetu hukaushwa ikiwa na ganda lake lote, wenyewe tunaiita kiboko, na ikikobolewa karibu nusu ya uzito inabaki kuwa maganda. Piga hesabu ya nchi inayoishi kwa kahawa, uone ni milima mingapi. Tanuri zinayachoma kama kuni, na wafugaji wa kuku wa Kampala wanayatandika bandani. Nilinunua magunia matatu kwenye mashine ya kukoboa, 4,000 kila moja, mepesi hivi kwamba boda alibeba matatu kwa mpigo na mimi juu. Ni magamba magumu, kama kucha, hayalali moja juu ya jingine, na yana potasiamu nyingi ambayo nyanya inaipenda. Hayatumiki mabichi kwa miche midogo. Yana vitu vinavyodumaza mche, kama vilevile vinavyotukosesha sisi usingizi. Niliyalowesha, nikayarundika chini ya turubai, nikayageuza kila wiki. Miezi mitatu yakawa ya rangi ya kahawia iliyokolea, hayana joto, yananuka kama msitu baada ya mvua.

Na hapa ndipo nilipogundua jambo ambalo lingeniokolea mwaka mzima. Kwa kuwa wafugaji wanatandika maganda ya kahawa, ukinunua takataka ya banda la kuku mjini humu unanunua vyote viwili pamoja: kaboni ya ganda na nitrojeni ya kinyesi, zimekwisha kuchanganywa na miguu ya kuku. Kazi yako ni kungoja. Lundo lenye kimo cha meta moja, lililoloweshwa mpaka ukifinya konzi linadondosha tone moja, linapata joto lenyewe ndani ya siku tatu. Mimi huchomeka chuma cha nondo katikati. Nikikitoa baada ya dakika tano nisiweze kukishika, najua kazi inaendelea. Linageuzwa, linapata joto tena, linageuzwa. Wiki nane mpaka kumi, likipoa na lisipate joto tena hata ukiligeuza, limeiva. Lilikuwa kubwa, limebaki nusu.

Maganda ya matoke ya jikoni nayo yanaingia humo, yakikatwakatwa. Zamani niliyatupa na taka nyingine. Tarehe 10 Agosti 2024 lundo la taka za jiji huko Kiteezi liliporomoka, likafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 30, na sehemu kubwa ya kilichokuwa kimerundikwa kule ilikuwa vitu vya jikoni vya namna hii. Tangu hapo kila nikilishika ganda la ndizi mkono wangu unasita. Sisemi zaidi.

Chenga za makaa ni ugunduzi mwingine, na huu naudai ni wangu hata kama najua kuna elfu waliowahi. Jiji linapikia makaa, na kwenye kila banda la makaa pana vumbi na vipande vidogo ambavyo hakuna anayevinunua. Nilimpa kijana wa bandani 5,000, akanijazia jerikeni sita. Nilizichekecha kwa chekeche ya mchanga: kilichopita, lile vumbi la unga, nikatupa kwenye lundo la mboji, kilichobaki juu, vipande vya ukubwa wa karanga hadi harage, jerikeni nne kamili, ndicho nilichokitaka. Havifinyiki na havinenepi, vinakaa miaka. Ila makaa makavu ni kama mgeni mwenye njaa, yanavuta chakula cha mimea mpaka yashibe. Nililoweka kwanza wiki moja kwenye mkojo wa sungura uliozimuliwa kwa maji. Angalia usichanganye chenga na majivu; majivu huondoa ukali wa tindikali haraka mno, konzi moja kwa nusu pipa inatosha, na mawili ni kuharibu. Na yale makaa ya kufinyanga, yenye udongo ndani, acha kabisa.

Makapi ya mpunga hayana hadithi ndefu. Gunia 2,000, yamejaa silika, madini yaleyale ya mchanga, kwa hiyo yanaoza polepole, yanafungua udongo misimu kadhaa. Mchanga wa ziwani nilijaribu, ni mzito na mwingi wake ni laini, unaziba vitundu badala ya kuvifungua. Kama una ghorofa au baraza la juu usiuguse: nusu pipa ya udongo mtupu uliolowa inapita kilo 150, na sidhani fundi aliyemwaga zege pale juu aliwaza nyanya zako.

Udongo wenyewe niliupata mtaa wa pili. Watu walikuwa wanachimba msingi kwenye shamba la zamani la migomba, wakautupa udongo wa juu pamoja na maramu kwenye lundo moja, dhambi ambayo hufanyika kila siku mjini humu. Nilimlipa kibarua 20,000 anichotee tabaka la juu tu kabla halijachanganywa, jerikeni 16. Nilichagua migomba kwa makusudi. Udongo uliotoka kwenye shamba la nyanya unaweza kuja na mnyauko wa bakteria, ule ambao mmea unalala wote ukiwa kijani kibichi. Ukishaingia kwenye pipa huutoi. Sichukui pia udongo wa kando ya barabara kuu wala wa mitaro. Petroli yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, ilikwisha kuuzwa kusini mwa Sahara mwaka 2006, lakini risasi haiozi, na udongo hauna mahali pa kuipeleka.

Mchanganyiko wa nusu pipa moja, yenye kupokea jerikeni tano za lita 20: mbili za udongo, moja ya mboji ya kuku, moja ya maganda ya kahawa yaliyooza, nusu ya makapi ya mpunga, nusu ya chenga za makaa. Nachanganya juu ya turubai kwa sepeto, yakiwa na unyevu kidogo, maana makavu yanatoa vumbi na kujitenga. Kwa nusu pipa zote nane nililipa 20,000 ya udongo, 24,000 ya magunia manne ya takataka ya kuku, 12,000 ya maganda, 2,000 ya makapi, 5,000 ya chenga, na kama 20,000 ya usafiri. Jumla 83,000. Ule weusi wangu wa bondeni ulikuwa 150,000 na haukuniletea hata nyanya ya kuonja.

Usichukue vipimo vyangu kama dawa ya hospitali. Vitu vya kwako vitakuwa tofauti, na kuna njia ya kupima ambayo haihitaji maabara. Nilikata kichwa cha jerikeni ya lita tano, nikatoboa tundu kitakoni na kuliziba kwa kijiti kilichofungwa kitambaa. Nikatia lita nne za udongo ule mweusi, nikaugongagonga kidogo, nikamimina maji polepole mpaka yakang'aa juu. Nikaacha usiku kucha, asubuhi nikajaziliza. Halafu nikakaa kwenye kigoda, nikaweka jerikeni juu ya beseni, nikachomoa kijiti.

Tone. Tone. Nilimaliza kikombe cha chai na kupinda upindo wa sketi nzima, na kilichokuwa kimeingia kwenye beseni hakikufika nusu kikombe. Nilipokipima kwenye chupa yenye alama kilikuwa mililita 120. Maji yaliyotoka ndiyo nafasi ambayo hewa imeingia: 120 kwa 4,000, asilimia tatu. Nikafanya vilevile kwa mchanganyiko mpya. Nilipochomoa kijiti maji yalitoka kama bomba bovu, yakanilowesha miguu, na nilichookoa kilikuwa mililita 600. Asilimia 15. Lengo ni kati ya 10 na 20. Chini ya hapo mizizi inakosa hewa, juu sana utamwagilia asubuhi na jioni mpaka bili ya maji ikutoe machozi. Tena kumbuka sponji: kidumu kifupi kinauonea udongo, kwenye pipa refu hali itakuwa nzuri zaidi.

Mama Furaha alikuja kutazama. Nikamwambia pumuzi yake imepimwa, ni asilimia tatu. Akaniuliza kama nilihitaji beseni kujua hivyo.

Mapipa saba kati ya manane yakaingia mchanganyiko mpya msimu wa mvua za Machi. Udongo ulishuka kama vidole vinne katika mwezi wa kwanza, hilo ni la kawaida, nikajaziliza mboji. Nakati, mboga yetu ya majani, ilikuwa ya kwanza kuonyesha tofauti, maana nakati haina subira wala haifichi. Ikikosa kitu inatoa maua ikiwa na majani sita. Hii ilipanuka. Ntula, yaani nyanya chungu, zilibeba mpaka tukagawa. Nyanya, kwa kweli, wastani. Mvua ikizidi ukungu wa majani haujali chini kuna nini. Mchanganyiko mwepesi pia hauweki akiba, kila unapomwagilia unasafisha chakula, kwa hiyo kila wiki mbili nazipa maji ya alizeti pori, yale majani ya kichaka chenye maua ya njano, yakilowekwa siku kumi, ukivumilia harufu. Msimu ukiisha naongeza jerikeni moja ya mboji kwa kila nusu pipa, na palipokuwa na nyanya sipandi biringanya wala ntula wala pilipili, kwa kuwa ni ukoo mmoja na wanarithishana magonjwa.

Afande alipita mwezi wa sita, akala ntula kwetu, akaulizia udongo. Nikamweleza. Akasikiliza yote, akasema, "Lakini kichuguu kiko ndani kidogo?" Nikamwambia kipo, afande. Si uongo kabisa. Kile cha jerikeni tatu nilikiponda nikakimwaga kwenye lundo la mboji.

Pipa la nane nililiacha na ule udongo mweusi wa bondeni, kwanza ili nilinganishe, kisha kwa sababu mgongo ulikuwa umenikataa. Lilikaa bure mwezi mzima, maji yametuama juu, mbu wanazaliana. Mama Furaha hakupenda mbu wangu. Asubuhi moja nikakuta ameshachomeka humo vipande vitatu vya magimbi bila kuniuliza. Leo majani yake yamenipita bega, mapana kama sinia, na pipa hilo ndilo pekee ambalo sijawahi kulimwagilia. Timpa, mboga ya majani ya magimbi, tunayoipika Jumamosi inatoka humo.